Kesi Aliyoshinda Thaddeus Stevens

Mwaka 1821, mwanamke mmoja kwa jina Charity Butler alikuwa na kesi mbele ya Mahakama ya Juu ya Pennsylvania. Alichokuwa akidai ni uhuru wake, yeye na watoto wake wawili. Charity alikuwa mtumwa katika jimbo jirani la Maryland, ambako utumwa ulikuwa halali. Pennsylvania nayo ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1780 ya kumaliza utumwa polepole. Sheria hiyo ilisema mtumwa wa mgeni akikaa Pennsylvania zaidi ya miezi sita, basi ni mtu huru. Mama aliyekuwa akimtumikisha Charity alikuwa na mazoea ya kuvuka mpaka kutembea, na kila safari alimbeba Charity. Ukijumlisha siku za safari zote, miezi sita ilikuwa imepita.

Wakili wa upande wa mwenye watumwa alikuwa kijana ambaye bado hajafikisha miaka thelathini. Hoja yake ilikuwa fupi: sheria inasema miezi sita, na miezi sita maana yake ni mfululizo. Huwezi kuokota wiki mbili za mwaka huu na siku kumi za mwaka jana, uzishone pamoja, halafu uite hiyo miezi sita. Majaji wakakubaliana naye. Charity na watoto wake wakabaki watumwa.

Wakili huyo aliitwa Thaddeus Stevens. Na hapa ndipo hadithi inakuwa ngumu, kwa sababu ukiuliza ni mbunge gani Mzungu aliyepigania haki za Wamarekani Weusi kwa ukali zaidi katika karne ya 19, jibu ni huyo huyo. Ukiuliza ni nani aliyekuwa mstari wa mbele kusukuma marekebisho ya katiba yaliyomaliza utumwa na kuwafanya watumwa wa jana kuwa raia, utalikuta jina lake tena. Ukiuliza ni nani alisimama akasema kwamba uhuru bila shamba ni maneno matupu, ni yeye.

Basi tuanze mwanzo.

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, Vermont, kaskazini kabisa, mahali pa baridi na mawe. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda tangu kuzaliwa, na maisha yake yote alitembea akichechemea. Wakati huo watu wengi waliamini kilema cha mtoto ni adhabu kutoka kwa Mungu, na unaweza kukisia utoto wa namna hiyo ulikuwaje. Baba yake alikuwa fundi viatu ambaye aliiacha familia. Mama yake, Sarah, ndiye aliyebaki na vijana wanne, shamba dogo na imani moja: huyu mwenye mguu mbaya hataweza jembe, kwa hivyo lazima asome. Alifanya kazi mchana na usiku ili Thaddeus aende shule, na mwaka 1814 kijana akamaliza Chuo cha Dartmouth. Stevens hakuwahi kusahau deni hilo. Hata wasia wake uliacha pesa za kutunza kaburi la mama yake.

Kutoka Dartmouth alihamia Pennsylvania, akafundisha shule huku akijisomea sheria usiku. Mwaka 1816 akafanya mtihani wa uwakili Bel Air, Maryland, mtihani ambao kwa maelezo yake mwenyewe ulikuwa maswali machache na chupa za mvinyo wa Madeira kwa ajili ya watahini. Akafungua ofisi katika mji mdogo unaoitwa Gettysburg. Alikuwa wakili hatari. Alikuwa na kumbukumbu kali, ulimi mkali zaidi, na dharau isiyofichika kwa mtu mjinga. Pesa zikaja, akanunua mashamba, akaingia biashara ya kuyeyusha chuma. Mpenda kamari pia alikuwa. Ugonjwa ukamnyonyoa nywele zote, akaanza kuvaa wigi, wigi ambayo hata marafiki zake walikiri haikumkaa vizuri.

Katika miaka hiyo ya kutafuta jina ndipo alipochukua kesi ya mwenye Charity. Kwa wakili wa kawaida hiyo ni kazi tu. Mteja amelipa, sheria imesomwa, kesi imeshinda. Gettysburg iko karibu sana na mpaka wa Maryland, na kesi za watumwa zilikuwa sehemu ya riziki ya mawakili wa hapo. Lakini baada ya 1821, Stevens alianza kusimama upande wa pili wa korti, akiwatetea watumwa waliotoroka, mara nyingi bila malipo. Mwaka 1823, kwenye sherehe za Julai 4, aliinua glasi yake hadharani kumtakia heri rais ajaye, kwa sharti kwamba awe mtu ambaye hajawahi kumtia binadamu mwingine pingu. Tangu siku hiyo hadi kaburini hakurudi nyuma.

Mwaka 1833 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo huko Harrisburg. Miaka miwili baadaye likaja jambo ambalo watu wa Pennsylvania wanamkumbuka kwalo hadi leo. Jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya shule za umma mwaka 1834: shule kwa kila mtoto, zikilipiwa na ushuru wa wote. Wananchi walikasirika. Kwa nini mimi nilipe karo ya mtoto wa jirani? Wabunge walioiunga mkono wakapoteza viti. Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta, na kila mtu alijua bunge la chini lingefuata. Aprili 1835 Stevens alisimama, akiwa mtoto wa mama maskini aliyesomeshwa kwa jasho, akasema kwamba sheria ya zamani, iliyotaka mzazi ajiandikishe kuwa fukara ndipo mtoto wake asomeshwe bure, ilikuwa ni sheria ya kuwapiga watoto chapa. Elimu iwe haki, alisema, isiwe sadaka. Alipoketi, kura zilikuwa zimegeuka. Shule zikabaki.

Angalia alichofunzwa na siku hiyo. Kortini wakili hupewa sheria kama ilivyo, kisha anaikunja anavyoweza. Bungeni mtu anaweza kuibadilisha yenyewe. Pengo la miezi sita lililomrudisha Charity utumwani halikuwa kosa la majaji peke yao. Lilikuwa limeachwa na waliotunga sheria. Na Stevens aliyajua mapengo kwa sababu alikuwa amepita ndani yake.

Mwaka 1838 Pennsylvania iliandika katiba mpya. Kabla ya hapo, wanaume Weusi walio huru waliweza kupiga kura katika baadhi ya maeneo ya jimbo. Katiba mpya ikaongeza neno moja dogo: mpiga kura lazima awe mweupe. Stevens alikuwa mjumbe wa mkutano huo wa katiba. Alikataa kutia sahihi.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, mji mkubwa zaidi, kwa sababu biashara ya chuma ilikuwa imemzamisha kwenye madeni na alihitaji wateja wenye pesa. Huko ndiko alikoajiri msimamizi wa nyumba aliyeitwa Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye wana wawili, mama yake Mweusi na baba yake Mzungu. Walikaa nyumba moja zaidi ya miaka ishirini. Stevens hakuoa kamwe. Wageni wote, hata wakubwa, walitakiwa kumwita Bi. Smith, na yeye ndiye aliyewapokea. Magazeti ya maadui yalisema kila kitu unachoweza kufikiria. Mzee hakujishughulisha kuyajibu. Miaka ya 2000, wanaakiolojia walichimba nyuma ya nyumba hiyo ya Lancaster wakapata tangi la maji la zamani lililotobolewa nafasi ya mtu kupita kwa kutambaa. Wanaamini watumwa watoro walifichwa humo.

Mwaka 1849 akaingia Kongresi. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyowalazimisha hata watu wa majimbo huru kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Stevens aliipinga kwa kila neno alilokuwa nalo. Septemba 1851, katika kijiji cha Christiana, mwendo mfupi kutoka Lancaster, mwenye watumwa mmoja kutoka Maryland, Edward Gorsuch, alifika na kundi lake kuwachukua watu wake. Watu Weusi wa pale walikataa kutoka. Walijihami, na Gorsuch akauawa. Serikali ikawashtaki watu 38 kwa kosa la uhaini, ati kukataa kusaidia kumkamata mtumwa ni sawa na kupigana vita na Marekani. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi. Kesi ya kwanza, ya Mzungu mmoja kwa jina Castner Hanway, ilisikizwa Philadelphia ndani ya Independence Hall, jengo lile lile ambako Azimio la Uhuru lilipitishwa. Baraza la wazee wa korti lilichukua kama dakika kumi na tano kumwachilia. Kesi nyingine za uhaini zikafa hapo hapo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, Stevens alikuwa na miaka 69, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi. Maana yake, kila risasi ya jeshi la Kaskazini ilipita mezani kwake. Juni 1863, siku chache kabla ya vita vya Gettysburg, jeshi la Kusini chini ya Jenerali Jubal Early lilipita kwenye kiwanda chake cha chuma cha Caledonia na kukiteketeza kwa makusudi, kwa sababu ya mwenye mali. Stevens alisema kwamba ikiwa vita vitaisha bila hata alama ya utumwa kubaki, yeye ataona amenunua kwa bei rahisi.

Rais Abraham Lincoln alikuwa mtu wa kupima upepo. Stevens alikuwa upepo wenyewe. Lakini tarehe 31 Januari 1865, Baraza lilipopiga kura juu ya Marekebisho ya 13 ya kufuta utumwa, hata Stevens alijua kunyamaza. Wapinzani walimchokoza katika mjadala akiri hadharani kwamba anaamini watu Weusi na Weupe ni sawa kwa kila kitu, ili wawatishe wanachama waoga. Akajibu kwamba yeye anadai usawa mbele ya sheria tu. Kwa mtu aliyesema usawa kamili kwa miaka thelathini, lilikuwa jibu chungu. Marekebisho yakapita kwa kura 119 dhidi ya 56. Kama umeona filamu ya Steven Spielberg ya 2012 kuhusu Lincoln, yule mzee mwenye wigi anayechezwa na Tommy Lee Jones ndiye huyu.

Aprili 1865 Lincoln akauawa, na makamu wake Andrew Johnson, mtu wa Tennessee aliyewahi kumiliki watumwa, akawa rais. Na sasa tumefika kwenye jambo ambalo msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa mara mbili. Jambo la ardhi.

Januari mwaka huo Jenerali William T. Sherman alikuwa ametoa amri kwamba mashamba ya pwani ya South Carolina na Georgia yagawiwe watu waliotoka utumwani, hadi ekari 40 kwa familia. Watu kama 40,000 walikuwa wamekalishwa humo, wakapanda, wakavuna. Kabla ya mwaka kuisha, Johnson aliwasamehe waasi na kuamuru mashamba yarudi kwa mabwana. Waliokuwa wamelima wakapewa chaguo: fanyeni kazi kwa bwana wenu wa zamani au tokeni.

Tarehe 6 Septemba 1865 Stevens alisimama Lancaster akatoa hesabu yake. Karibu watu 70,000, alisema, ndio wenye mashamba makubwa Kusini, na kwa pamoja wanashikilia ekari milioni 394. Hao ndio walioanzisha vita. Chukueni mashamba yao. Kila mwanaume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Hiyo ni kama ekari milioni 40 tu. Zinazobaki ziuzwe, zilipe deni la vita na malipo ya askari. Mkulima mdogo wa Kusini asiguswe. Kisha akauliza: jamhuri itaishije, shule huru na makanisa huru vitaishije, mahali ambapo wachache wana kila kitu na wengine wote ni vibarua wao?

Hebu pima wazo hilo. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1862 ya kumpa yeyote aliye tayari kuhamia Magharibi ekari 160, ardhi iliyokuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili. Kugawa ardhi hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Februari 1866 Stevens alipeleka pendekezo lake bungeni. Lilishindwa kwa kura 126 dhidi ya 37, na wengi waliolikataa walikuwa wa chama chake mwenyewe. Watu waliokuwa tayari kumaliza utumwa hawakuwa tayari kugusa hati ya shamba. Mali ni takatifu, walisema. Wengine walikuwa na wasiwasi kwamba mtu mwenye ekari zake 40 atapanda chakula cha watoto wake, na pamba ya viwanda italimwa na nani? Machi 1867 akaleta mswada tena, akiwa mgonjwa. Haukufika popote.

Aliyoyapata ni mengi, hata hivyo. Alikuwa kiongozi wa upande wa Baraza katika kamati iliyoandaa Marekebisho ya 14: kila aliyezaliwa Marekani ni raia, na hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Stevens aliona rasimu ya mwisho ni dhaifu, hasa kwa sababu haikutoa haki ya kura moja kwa moja. Juni 1866 aliwaambia wenzake kwamba alikuwa ameota jamhuri isiyo na chembe ya ubaguzi, na ndoto hiyo imeyeyuka. Kwa nini basi anaunga mkono kitu pungufu? Kwa sababu, alisema, anaishi kati ya binadamu, si kati ya malaika.

Mwaka 1868 alishiriki kumfikisha Johnson mbele ya Seneti. Utaratibu ni ule ule tunaoujua Kenya: bunge la chini linashtaki, Seneti inahukumu. Wakati huo mzee hakuweza kutembea tena. Vijana wawili walimbeba kwenye kiti hadi ndani ya ukumbi, naye akawatania kwamba anashangaa nani atambeba hao wakishakufa. Mei 16 Seneti ilipiga kura: 35 kwa 19. Kura moja tu ilikosekana kumng'oa rais.

Stevens alifariki usiku wa tarehe 11 Agosti 1868, Lydia Smith akiwa kando yake. Mwezi mmoja kabla, Marekebisho ya 14 yalikuwa yameidhinishwa na majimbo. Mwili wake uliwekwa katika ukumbi mkuu wa Kongresi, ukilindwa na askari Weusi. Chama chake Lancaster kilimteua kugombea kiti chake hata baada ya kufa. Kwa Bi. Smith aliacha chaguo la dola 500 kila mwaka au dola 5,000 kwa mkupuo, na mama huyo akainunua ile nyumba.

Jambo la mwisho alilipanga mwenyewe. Makaburi makubwa ya Lancaster hayakuruhusu watu Weusi kuzikwa humo. Stevens alikataa kulala huko, akachagua kaburi katika uwanja mdogo uliopokea watu wa rangi zote, na akaacha maneno ya kuandikwa kwenye jiwe yakieleza sababu: kwamba hakuja hapo kwa kupenda upweke, bali ili hata kifoni aonyeshe usawa wa binadamu aliouhubiri akiwa hai.

Yaliyofuata yalimthibitisha kwa namna ambayo hangependa. Watu Weusi wa Kusini walipata kura kabla hawajapata mashamba. Wakachagua, wakachaguliwa, wakajenga shule. Lakini walilima ardhi ya bwana yule yule kwa kugawana mavuno, maisha ambayo skwota yeyote wa mashamba ya walowezi angeyatambua: deni dukani, nyumba si yako, ukipiga kura vibaya unafukuzwa. Jeshi la serikali lilipoacha kuwalinda mwaka 1877, kura zikachukuliwa pia. Wenye mashamba ndio walioandika hadithi. Katika filamu ya Birth of a Nation ya 1915, Stevens anaonekana kwa jina la kubuni kama mzee mwovu anayetawaliwa na mwanamke wa nyumbani kwake.

Marekebisho ya 14 yakabaki kwenye karatasi, yakisubiri. Mwaka 1954 wakili Mweusi Thurgood Marshall aliyatumia kushinda kesi ya Brown, iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma. Shule na usawa, mambo mawili ya Stevens, katika kesi moja. Na Januari 1960 Marshall huyo huyo, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alifika Nairobi, kisha akaenda London kuwashauri wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya. Ukumbi uliitwa Lancaster House; sadfa tu ya jina. Rasimu ya haki aliyoiandika ililinda haki za wachache, ambao Kenya ya wakati huo walikuwa pia walowezi wenye mashamba, na ilitaka mali isichukuliwe bila fidia. Marshall alijua kutokana na historia ya watu wake kile kinachowapata wachache wasiolindwa. Lakini Kenya waliokosa ardhi ndio waliokuwa wengi.

Tunajua kilichofuata. Mashamba yalinunuliwa kwa mikopo, ekari milioni moja zikagawiwa, na waliopewa vipande wakatakiwa kulipa ardhi ambayo babu zao walikuwa wamenyang'anywa. Wengine hawakupata hata hicho kipande. Swali la Lancaster, Pennsylvania, 1865, nani atamiliki ardhi baada ya uhuru, lilifika Lancaster ya London likiwa bado bichi, na jibu likawa karibu lile lile: mali ni takatifu.

Stevens alikuwa amelijua hilo tangu 1821, akiwa kijana mwenye kesi nzuri mkononi. Korti ile haikuvunja sheria hata moja. Mwenye mali alikuwa na karatasi zake, wakili alikuwa na hoja yake, na Charity Butler alirudishwa Maryland na watoto wake kisheria kabisa.